Uchafu wa Kweli

Kasongo, Jumatatu asubuhi

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Darlène, huko Nyangwe,

Nakusalimu wewe, shemeji Gaston na watoto wote, mpaka yule wa mwisho ambaye bado hajaiona sura ya mjomba wake. Hamjambo huko? Tulisikia kwamba mto ulipanda ukamega kando ya shamba lenu la mihogo. Je, umerudi mahali pake au bado unakula? Mama ni mzima, goti tu linamsumbua kukiwa na baridi. Mimi mwili wangu hauna neno. Roho ndiyo imejaa kinyaa, na ndiyo iliyonishikisha kalamu. Ningekupigia simu, lakini unanijua, nikikasirika napayuka, na mtandao wa kwenu hukata kabla mtu hajafika katikati ya hasira yake.

Nakuomba kitu kimoja mapema. Ukinijibu, juu ya bahasha andika Aristote, kama watu wote wanavyoniita siku hizi. Safari iliyopita uliandika Takataka, na yule motari wa pikipiki anayeleta barua akaisoma kwa sauti mbele ya mlango wa kanisa, korali nzima ikiwa imesimama pale. Najua Mama alikuwa na sababu zake za kuniita hivyo utotoni, lakini mpiga solo wa parokia hawezi kuitwa Takataka.

Sasa tulia kabla hujaendelea. Gitaa la Baba lipo. Liko hapa nyumbani, ukutani, kwenye msumari wake. Hali yake utaisoma mbele, na ukishaisoma utajua mwenyewe unifanye nini.

Unajua parokia yetu ina jubile mwaka huu. Unajua pia kwamba gitaa la Baba ni kavu, halina umeme, na ngoma zikianza mimi huonekana nachezesha vidole bure. Basi rais wa korali, Mama Dieudonnée, akasikia kwamba kuna mnunuzi wa dhahabu wa Lusangi, Salomon, mtu aliyetoka upande wa mashariki, ana gitaa la umeme ambalo Maniema yote hakuna mwenye mfano wake. Wakati huo alikuwa Kabambare kwa shughuli zake. Korali ikaona twende tukalipime kabla ya kuzungumza naye lolote, na kazi hiyo nikapewa mimi. Wangemtuma Théophile wa besi angekubali hata debe, mradi lina mkanda unaong'aa.

Njia ya Kabambare sikusimulii. Nilisukuma pikipiki kuliko nilivyoipanda.

Nilipofika, Salomon akanikaribisha vizuri, akafungua blanketi, akalitoa. Yaya, lile gitaa limepinda. Sisemi limelowa mvua likapinda. Fundi amelichonga hivyo kwa kusudi, kiuno cha upande mmoja kimekwenda mbele, cha upande wa pili kimebaki nyuma, kama mwanamke aliyebeba bidoni ya maji kwa mkono mmoja. Salomon akaniambia hiyo ndiyo sifa yake, kwamba ukikaa linalala lenyewe juu ya paja. Nikakaa. Likalala lenyewe juu ya paja. Ilinichukiza kuona kwamba ni kweli.

Lakini hilo la kupinda lilikuwa dogo. Rangi yake, iliyofanana na maziwa yaliyochacha, ilikuwa imebanduka huku na huku, na pale mkono wa kulia unapoegemea mbao zilikuwa wazi kabisa. Nikamuuliza kwa heshima lilikuwa la nani zamani. Akacheka. Akanieleza kwamba ni jipya, mdogo wake alimtumia kutoka Ulaya. Huko kuna fundi anayechonga peke yake kwa mikono yake, moja baada ya lingine, hana kiwanda. Akimaliza kulipaka rangi, likang'aa, analichukua tena analikwangua. Analigonga kwa funguo. Analisugua kwa msasa pale ambapo mkono ungelala, ili aliyeliona adhani limepigwa maisha mazima. Na kwa kazi hiyo ya kuliharibu, bei inapanda! Bei yenyewe siiandiki hapa, karatasi itaona haya.

Nikamtazama nione kama ananitania. Wala. Yaya, sisi tunasugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka uone meno yako ndani yake. Mtu akiwa na shati moja, analipiga pasi. Kumbe duniani kuna watu walioshiba vitu vipya mpaka wananunua uzee, na hata uzee wenyewe hawana subira ya kuungoja. 

Hata hivyo nilikuwa nimetumwa, nikafanya kazi yangu. Nikafumba jicho moja nikatazama shingo yake kwa urefu: imenyooka. Nikapitisha kidole pembeni mwa vyuma vya shingo nikitafuta mahali panapokata: hakuna. Nikapiga kwa nguvu, daraja la nyuzi likatoa mlio wa vijiko, nikafurahi, nikasema nimepata kasoro ya kwanza. Wakawasha jenereta, tukachomeka kwenye ampli. Kimya. Nikageuza kila kifundo cha sauti. Kimya. Basi nikatangaza mbele ya watu wote waliojaa pale dukani kwamba gitaa limekufa, na kwamba ndio mwisho wa vitu vinavyonunuliwa kwa sababu ya makovu. Niliongea sana, Yaya. Salomon akaninyooshea mkono polepole, akasukuma swichi ndogo iliyoko ukingo wa juu, ambayo mimi niliiona kama pambo. Kumbe sauti ina njia mbili, na swichi ilikuwa kwenye ile iliyofungwa. Likanguruma mpaka kuku wakaruka. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Sauti yake ndiyo iliyonimaliza. Nilitamani iwe mbaya. Nilipiga sebene moja fupi, na kila noti ikatoka nzima, safi, ikakaa hewani kabla ya kuondoka. Lina mkono mrefu wa chuma unaoubonyeza kidogo, sauti ikatetemeka kama ya mwimbaji anayezuia kilio. Na mkono wangu ulikuwa umelala palepale palipokwanguliwa, sawasawa. Angekaa Théophile, wake ungelala palepale. Angekaa mtu yeyote. Jeraha lile lilipimwa kwa watu wote, halikuwa la mtu.

Nikamkumbuka Baba. Unakumbuka kiwiko chake, tangu alipoanguka na baiskeli iliyobeba mafuta ya mawese kwenye ule mteremko, mfupa ukaunga vibaya? Mkono wake haukuweza kulala mahali mikono ya watu inapolala. Ulilala huko chini, karibu na mkia wa gitaa, na huko ndiko mbao zilikolika zikawa nyeusi kwa jasho lake. Tulipokuwa wadogo tulijaribu kuweka mikono yetu pale, tukashindwa, tukamcheka, naye akacheka kuliko sisi.

Nikarudi Kasongo na kusema gitaa ni zuri lakini linatia kinyaa. Juma lililofuata Salomon akaja mwenyewe, amelibeba ili korali ilisikie. Nilimkaribisha nyumbani. Mama akampikia wali, sombe ya majani ya mihogo na samaki, akala akashukuru. Alipoinua macho, akaliona gitaa la Baba juu ya kichwa chake. Akaomba lishushwe. Akaligeuza, akalipuliza vumbi, akapitisha kidole juu ya lile doa jeusi, kisha akanusa kidole. Akaniambia, “Ndugu, hii uchafu iko ya kweli.” Akasema mdogo wake huko Ulaya anajua watu wanaotafuta kitu cha namna hiyo na hawakipati, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kukitengeneza. Yuko tayari kubadilishana, gitaa kwa gitaa, bila nyongeza yoyote.

Yaya, mtu amekula wali wa Mama, bado ana mafuta mdomoni, ananusa jasho la mumewe kama anayechagua samaki mkavu sokoni! 

Nikakubali.

Hilo ndilo nililokuwa nazunguka tangu ukurasa wa kwanza. Siku tuliyomaliza matanga ulisema gitaa lile halitoki mlango huu mpaka wewe na mimi tukubaliane, na mimi niliitikia mbele ya familia. Sikukupigia simu. Nilijiambia kwamba Baba angependa korali isikike. Ni uongo. Nilitaka ile sauti iwe yangu, na nilijua ungekataa. Tukaagana na Salomon kwamba atakapomaliza shughuli zake mjini atapita kulichukua.

Akapita, na blanketi lake. Nikaingia ndani kulishusha, nikakuta lina rangi ya bluu. Ile bluu ya madirisha ya parokia, iliyobaki kwenye mkebe nyuma ya jiko. Mbele, nyuma, shingo, ukingo wa tundu, kote. Hata nyuzi hazikutolewa, zilipakwa juu kwa juu zikagandamana. Doa la Baba halikuonekana tena. Nilitoka nalo mlangoni nimelishika mbali na shati. Salomon akaligusa, kidole kikarudi na bluu. Akalitazama kwa huzuni, halafu kwa adabu akasema dirisha analo tayari. Akalifunga gitaa lake lililopinda, akamshukuru Mama kwa chakula cha siku ile, akaondoka.

Nikamgeukia Mama. Nilimwambia kwamba ni mshamba, hajui thamani ya kitu, amemfuta Baba kwa brashi. Nilisema kwa sauti, majirani wakasikia.  Mama alirudi kwenye ungo wake akaendelea kupepeta mpunga.

Tukaishi hivyo, ananipakulia na kuondoka kabla sijasema asante. Juzi nikachukua wembe, nikakaa uani nianze kukwangua, nilitafute lile doa. Mama akaja akanitoa wembe mkononi. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana yangu yatayaharibu.

“Iache vile. Nilisikia ule bwana kusema anapenda uchafu ya baba yenu. Kama haina tena uchafu, ataibeba ya nini? Njo maana nikaipaka rangi. Sasa iko mubaya, hakuna mutu mwenye ataitaka. Itabakia.”

Nikamuuliza kwa nini hakunikataza tu. Akasema macho yangu yalikuwa yamekwisha kulibeba, na neno lake ningelivuka. Halafu akaongeza:

“Na wewe nilikupaka vile vile. Wale wawili wenye walikutangulia, nyuma ya yaya wako, niliwapatia majina ya muzuri, wakaenda. Wewe nikakupaka jina mubaya. Haukubakia?”

Nikainuka, Yaya, nikalirudisha gitaa kwenye msumari wake. 

Baadaye, Mama alipokwenda kisimani, nililishusha gitaa nikaweka mkono wangu kule chini karibu na mkia. Rangi imefunika weusi, lakini haikujaza bonde. Lipo. Mkono wangu bado haulingani nalo.

Nakuomba uje. Nimemwomba Mama msamaha na amesema yamekwisha, lakini nilimtukana watu wakisikia, na si haki nimwombe msamaha tukiwa wawili tu chumbani. Uje usimame kama mkubwa wetu, majirani wawepo, nipige magoti mbele yao. Na mimi mwenyewe unihukumu kwa lile la kwako, la kuvunja neno la matanga. Fadhili, mwenzangu wa korali, ameahidi kunitafutia nyuzi mpya. Siku ya jubile nitapiga hilohilo la bluu. Ngoma zitanifunika, na sitanuna.

Msalimu shemeji, mwambie nyavu zake alizoacha hapa Mama amezitunza. Watoto wabusu vichwani mmoja mmoja. Mama anasema uje na ndizi za kuchoma kama zimekomaa, zisipokomaa uje mikono mitupu. Na lile nililokuomba mwanzoni kuhusu bahasha, nalifuta. Andika kama ulivyozoea, na motari asome kwa sauti.

Mimi mdogo wako aliyebaki,

Takataka