Walikuja Basi Zima, Akatakiwa Mmoja

Mama Mdogo,

Miezi mitano tu tangu tukuzike, na Baba Mkubwa ameshaniandikia barua. Si ya pole. Watu kama yule hawana wino wa pole. Ameandika mistari minne kwenye karatasi ya kuchana daftarini, akampa binti yake Nafula ailete hapa Kitale kwa mkono. Nafula amefika leo asubuhi na mfuko mmoja wa plastiki, midomo imemkauka. Chuo chao kilifungwa. Wanafunzi walizusha vurugu, wakafukuzwa wote, mwenye kosa na asiye na kosa, na sasa kinafunguliwa tena. Lakini hakuna anayeingia bila mzazi au mlezi kufika mwenyewe na kutia sahihi mbele ya wakubwa. Nafula ni wa mwaka wa kwanza. Asipofika na mtu kabla ya Jumatano ijayo, nafasi yake imekwenda.

"Binti yangu Nekesa," ameniandikia, "presha yangu imepanda. Wewe ndiye unajua watu wa huko. Mpeleke dada yako. Mkono mmoja haulei mwana."

Nimecheka, Mama Mdogo. Nimecheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Haki ya Mungu, mtu anakosaje haya kiasi hiki na bado anavuta pumzi kama sisi? Nafula nimemwambia ale, apumzike, nitamjibu jioni. Kabla sijamjibu nimeona nizungumze na wewe, maana walio hai wote leo wananikera.

Methali hiyo unaijua. Uliisikia ikitoka kinywa kile kile. Siku niliyokwenda chuo, Baba Mkubwa alisimama kwenye ngazi ya basi pale Misikhu, suti ya kijivu, kalamu tatu mfukoni na hata moja haiandiki, akanguruma: "Mkono mmoja haulei mwana!" Watu wakapiga vigelegele. Msichana wa kwanza wa ukoo kwenda chuo kikuu, baba amekufa, mama amekufa, basi kila mtu akajifanya mzazi. Si ni rahisi? Walikuwa na kamati, na kamati ikazaa kamati ndogo. Waliazima basi la shule. Walibishana siku nzima ati njiani ziimbwe nyimbo za kanisa gani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza naogopa nini. Niliogopa lifti. Niliogopa kwamba mwalimu atasema Kiingereza nisichokielewa na wenzangu watacheka. Niliogopa kuoga mbele ya watu. Mambo madogo hayo, na kamati haikuwa na nafasi ya madogo.

Wewe, mjane wa baba, ulikuja na furushi lako, umetoka Kitale kabla jogoo hajawika. Baba Mkubwa akakuambia basi limejaa. Limejaa! Kreti mbili za soda zilikuwa zimepewa kiti kizima, kama wakwe. Na mimi nilikuwa mbele karibu na dereva, nimevaa viatu vya kisigino kirefu alivyoninunulia mke wake. Nikakuona kwa dirisha. Ukaniona. Sikusema kitu.

Sitajitetea. Nilikuonea haya. "Mwanamke wa skimu," ndivyo walivyokuita, kwa kuwa ulizaliwa Tongaren, kwenye mashamba waliyogawiwa watu kutoka kila pembe, ati kwa hiyo huna ukoo. Au "mama viatu," kwa sababu uliuza viatu vya mitumba sokoni. Baba alipokufa walikutoa nyumbani kabla matanga hayajaisha, ati hukumzalia. Wakamwambia chifu marehemu hakuacha mke. Nilikuwepo. Nilikuwa na akili zangu timamu na ulimi wangu, nikanyamaza. Leo nataka kudharau watu mpaka nishibe, Mama Mdogo, na siwezi kuanza bila kujipakulia mwenyewe kwanza.

Tulifika chuoni saa tisa. Waliimba langoni. Walipiga picha. Baba Mkubwa akanishika bega akasema, "Usirudi bila digrii." Wakageuza, maana basi lilitakiwa shuleni kesho yake. Watu thelathini na wanne, na hata mmoja hakuingia ndani kuona nitalala wapi.

Wiki tatu baadaye ukaja wewe, peke yako. Hukunihutubia. Ulikaa kitandani pangu ukabonyeza godoro kwa kiganja. Ukauliza bafu liko wapi, ukaenda ukaliona, ukarudi ukasema, "Amka mapema kuliko wengine, utaoga peke yako." Ukamwuliza msichana niliyelala naye chumba kimoja jina lake, na kwao ni wapi, na mama yake hajambo, kisha ukampa nusu ya njugu zangu. Nilikasirika kwa zile njugu. Baadaye nilielewa: ulitaka ajue kwamba nina mtu. Ukanitolea viatu bapa kwenye furushi. "Vile vya kisigino ni vya picha," ukasema. "Hivi ni vya kutembea."

Na ulipokuwa ukiondoka ukaniambia lile neno. "Ukishindwa, rudi. Kitanda kiko. Hakuna mtu atakuuliza."

Nililia, wewe hukujua. Mtu akikuambia usirudi, unasoma huku ukitetemeka. Mtu akikuambia kitanda kiko, unasoma. Hiyo ndiyo siri yote, na kamati mbili hazikuijua.

Barua za ukoo nazo zilikuja, usidhani hazikuja. Muhula wa kwanza haujaisha, mmoja anataka nimtafutie kijana wake kazi serikalini. Mwingine ati nimwulize profesa dawa ya ng'ombe anayekohoa. Nilikuwa nasoma historia, bana!

Kisha mwaka wa pili chuo kikafungwa. Mimi siku wanafunzi waliporusha mawe nilikuwa maktaba, si kwamba kuna aliyeuliza. Tulipewa saa chache tuondoke, na amri ya kwenda kuripoti kwa chifu kila Ijumaa, kutia sahihi kwenye kitabu kama wezi wa kuku. Hapo ndipo nilipoujua ukoo wangu. Pale Misikhu sokoni watu walionibeba mabegani walianza kuvuka barabara wakiniona. Kanisani mchungaji akaombea "watoto waliopotoshwa" na macho yake yakiwa wazi, yananitazama mimi. Shangazi aliyecheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani sasa aliniambia nisipitie kwake mchana.

Ikaja barua ya chuo, sharti lile lile la Nafula. Mzazi au mlezi, afike mwenyewe, kabla ya siku fulani. Mtu mmoja tu. Sikuhitaji basi, wala nyimbo, wala soda.

Nilikwenda kwa Baba Mkubwa kwanza. Alikuwa karani wa serikali, na uso wake ulibadilika kabla sijamaliza. "Mimi ni mtu wa selikali," akasema. "Unataka nifutwe?" Nikaenda kwa ndugu yake mwalimu; mguu wake ukavimba siku hiyo hiyo. Wa tatu akaingia mitini, ati amekwenda Cheptais kununua viazi. Wiki tatu, Mama Mdogo! Viazi gani vinanunuliwa wiki tatu? Wamefyata mkia wote, madume makubwa yenye sauti za kutikisa mabati, kwa sababu ya karatasi moja na kalamu moja. Zilibaki siku sita. Nilianza kuuliza kama kuna shamba linalotaka kibarua wa kupalilia.

Sijui nani alikuambia. Ulitokea Ijumaa, kwenye foleni yangu pale kwa chifu, ukasimama nyuma yangu kama uliyetumwa chumvi. Chifu akasema huwezi kunitilia sahihi, kitabu chake kinaonyesha marehemu hakuacha mke. Hukubishana. Ulimwomba amwite Baba Mkubwa: ama aende yeye, ama aandike ni nani mzazi.

Na yeye, shujaa wetu, alipofika hakuchukua hata nusu saa kufikiri. Aliandika mbele yetu, kwa mkono wake, tena mwandiko mzuri: "Mimi si mzazi wa msichana huyu. Mzazi wake ni mke halali wa marehemu ndugu yangu, anayekaa Kitale. Lolote atakalofanya, aulizwe yeye." Chifu akapiga mhuri. Mtu aliyekunyima jina la mke kwa sababu ya kipande cha shamba alikurudishia jina hilo bure, kwa woga. Mimi nilitaka kucheka. Wewe uliikunja ile karatasi mara nne, ukaitia kifuani, ukasema, "Asante, shemeji."

Kwenye basi niliwatukana kutoka Kitale hadi Nakuru. Uliniacha. Tuliposimama Nakuru ukanipa kiazi kitamu ukaniambia, "Umemaliza? Sasa kula. Huwezi kuingia darasani umewabeba wote wale kifuani. Na hao ni watu wako bado. Mimi nitakufa, utabaki nao."

Nilikuona mjinga kwa neno hilo. Nisamehe.

Kule chuoni, mkuu anayesimamia wanafunzi alikuuliza kama unaweza kumhakikishia kwamba sitarudia fujo. Wengine wote kwenye foleni walikuwa wanaapa. Wewe ukasema, "Kesho siwezi kukuhakikishia, hata yangu siijui. Lakini akikosea usimwite yeye. Niite mimi. Nitakuja." Akakupa kalamu.

Basi nikamaliza, nikapata kazi ya ualimu hapa Kitale, nikakaa na wewe miaka ambayo sikuistahili. Ulipokufa wakaja. Suti ile ile ya kijivu! Wakasema mwili urudishwe Tongaren, kwa sababu Misikhu huna kwako. Sikupiga kelele. Nilikwenda kwenye kibanda chako cha viatu nikafungua boksi, na ndani ya kiatu cha kiume ambacho hukukiuza kamwe nikakuta ile karatasi. Niliisoma mbele ya waombolezaji wote, taratibu, kama ninavyosomea darasa zito. Baba Mkubwa alisimama pale akisikiliza mwandiko wake. Ukazikwa kando ya baba. Na unajua alichofanya? Alishika kipaza sauti akasema yeye na marehemu walinisomesha bega kwa bega! Debe tupu lile, hata kaburi wazi halilinyamazishi.

Sasa leo ameniletea damu yake. Mwanawe wa kumzaa! Kwangu angalau alikuwa na kisingizio kwamba mimi ni wa ndugu yake. Kazi ya serikali ameshastaafu, hakuna wa kumfuta, na bado anaogopa kukaa kwenye kiti mbele ya meza. Nafula anasema amekuwa akienda kwa chifu peke yake kila Ijumaa. Anasema hilo kama mtu anayesema mvua ilinyesha.

Nikuambie nilichofanya, usinikasirikie. Nilichukua karatasi ya mistari nikaandika: "Mimi si mzazi wa msichana huyu." Maneno yake mwenyewe, nimrudishie. Nilitaka ayasome akiwa amesimama. Nilikuwa natafuta bahasha niliposikia Nafula ananiuliza kutoka jikoni kama huko ofisini wanapiga kelele, na kama mtu akilia mbele yao wanahesabu ni kosa.

Niliitia karatasi yangu jikoni, kwenye makaa.

Tutaondoka Jumatatu. Nitaingia chumbani kwake nione godoro. Nitamwuliza mwenzake jina. Nitatia sahihi, na nikiitwa nitakwenda. Hayo si magumu, ulinionyesha yanavyofanywa. Gumu ni moja, na hilo ndilo ninalokuahidi: njia nzima, kwenda na kurudi, sitamtaja baba yake kwa ubaya. Hata Nakuru. Hata akianza yeye. Unanijua ulimi wangu, unajua hii ni ahadi ya namna gani. Ndiyo maana nimeandika barua ndefu hivi. Kila tusi nililokuwa nalo nimelimwaga humu, na likibaki moja nitarudi nilimwage kesho, ili mtoto asafiri na mimi bila kuyabeba. Yule ni baba yake bado. Mimi nitakufa, atabaki naye.

Kwaheri. Pumzika hapo ulipo, na usimwache baba akusumbue. Nimepanda maua pembeni, ng'ombe wa yule mwalimu wa mguu uliovimba ameyala, lakini nitapanda mengine.

Mchana tukila Nafula aliniuliza, "Dada, wakikuuliza wewe ni nani wangu, utawaambia nini?" Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri tangu saa nane mpaka sasa.

Nitawaambia nimetumwa na mama yangu.

Nekesa