Jina na Namba Pindoni

Johannesburg, 14 Oktoba 2024

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimia wewe na Sagesse wangu. Goti lako limepoa? Mtoto anakula? Mimi mzima, koo tu linawasha kwa vumbi la mwezi huu. Barua hii anakuletea Mama Falonne, anarudi Lubumbashi na basi la Alhamisi na mizigo yake ya biashara. Ndani kuna soksi za Sagesse. Zikimzidi mguu, mvalishe hivyohivyo, mguu utazifuata.

Mama, nimeacha saluni. Usishtuke. Pale nilikuwa nasuka mpaka giza linaingia, na kreshi za hapa, nyumba za kulelea watoto mchana, hazimngoji mtu. Ndiyo maana mwaka wa pili huu mwanangu analala kwako. Sasa niko Fordsburg kwa Dada Mwanaasha, mtu wa Tanga, ana karakana ya kudarizi beji za shule kwenye masweta. Nakata nyuzi, nafagia. Lakini msichana aliyekuwa anakaa kwenye kompyuta ameolewa Durban, na Dada ameniambia: "Jeannine, ukijua kupanga mafaili kabla Januari haijaisha, kiti ni chako. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi."

Saa kumi, Mama! Unasikia? Saa kumi naweza kumchukua mtoto kreshi. Sagesse anaweza kuja.

Shida ni kwamba mimi niliishia darasa la sita. Siku ya kwanza nilishika kipanya, kile kidude cha kuongozea mshale, nikakiinua hewani kama pasi. Thierry, anayeendesha mashine ya kudarizi, alicheka mpaka akakaa chini. "Eish, Mama Sagesse, kiweke mezani, hakiumi!" Acha acheke. Nitajua tu.

Mwanao,
Mama Sagesse

Katuba, Lubumbashi, 3 Novemba 2024

Jeannine mwanangu,

Tuko wazima, tunamshukuru Mungu, na goti langu linapoa pale tu ninapolisahau. Soksi zimefika. Sagesse amelala nazo siku tatu, kuzifua ni vita.

Endelea kuniandikia. Kwenye simu unasema "niko sharp" halafu unakata. Kwenye barua naona mahali mkono wako ulipotetemeka.

Sasa hiyo ordinatere, hiyo kompyuta yako. Unasema mafaili, mafaili. Yanakaa wapi? Kama ni kama sanduku langu la vitenge, basi hiyo kazi unaijua tangu unanyonya. Pale sokoni mimi kitenge nakipa jina. "Mume Wangu Amerudi." "Jirani Funga Dirisha." Mteja anasahau rangi, anasahau maua, jina hasahau. Kila kitu kipe jina lake, mama, nacho kitakuja ukikiita.

Majirani nimewaambia binti yangu anafanya kazi ofisini. Usinitie aibu.

Mama yako

Johannesburg, 12 Desemba 2024

Mama,

Salamu kwako na kwa Sagesse. Afya ninayo. Furaha ndiyo imenikimbia, ngoja nikueleze.

Nilikuwa nimeanza vizuri. Ule uso wa mbele wa kompyuta, wanaouita desktopu, ulikuwa umejaa mafaili kama nguo zilizoanikwa zote kwenye kamba moja. Nikajifunza kutengeneza folda, ndiyo hilo sanduku lako, na ndani yake folda nyingine ndogo. Nikajifunza kushika faili na kulivuta liingie ndani. Mara mbili lilinidondokea njiani, nikalitafuta nusu saa, kumbe limeingia folda ya jirani. Dada Mwanaasha alipita nyuma yangu akasema, "Hee, mbona panapumua hapa!"

Mama, kila beji ni faili moja, na jina lake ni namba tu. 217. 218. Nikasema, namba itamwita nani? Nikafanya kama wewe. Beji zote arobaini na mbili nikazibadilisha majina. "Simba Aliyeshiba." "Kitabu cha Mjane." "Tai Anayemtazama Mkwe." Nilikuwa nacheka peke yangu.

Sikujua kwamba daftari la oda limeandikwa namba tupu. Jumatatu nilikuwa kliniki. Oda ikaja ya 217, na 217 haipo. Thierry anakumbuka ni ndege tai, akafungua tai wa kwanza aliyemwona. Shule mbili zina tai, Mama. Masweta thelathini yakatoka na tai wa watu wengine.

Dada hakupiga kelele, heri angepiga. Alifunga daftari akasema, "Rudi kwenye nyuzi." Siku tatu nafumua tai hao kwa sindano, uzi mmoja mmoja. Thierry ananiimbia, "Mkwe, mkwe, geuka huku!"

Sagesse usimwambie kitu chochote kuhusu safari.

Jeannine wako

Katuba, 22 Desemba 2024

Mwanangu,

Nakusalimia, na machozi yafute kwanza ndipo usome.

Nusu ya kosa ni langu. Nilikupa ushauri nusu. Unakumbuka ukingo wa kitenge, ule mkanda mwembamba pembeni wenye maandishi madogo? Pale pana namba. Tajiri wa jumla anayeniletea mzigo hajui "Jirani Funga Dirisha" hata kidogo, yeye anajua namba. Mimi nikimkatia mteja, kipande chenye namba nakibakiza mezani mpaka mwisho, la sivyo siwezi kuagiza tena. Miaka yote hiyo ulikuwa unakaa chini ya meza yangu, sikuwahi kukuonyesha kwa sababu mkono wangu unafanya wenyewe.

Jina ni la yule anayekipenda kitu. Namba ni ya yule asiyekijua. Rudisha namba, jina liache nyuma yake. Mwendee huyo mama wa Tanga, usimwendee kwa kulia. Mwambie unaomba siku ngapi, kisha uzitimize.

Sagesse sikumwambia kitu. Ila kila asubuhi anapanga viatu vyake mlangoni.

Mama yako

Katuba, 26 Januari 2025

Jeannine,

Uko mzima? Simu hupokei, na Mama Falonne amerudi mikono mitupu, anasema hakukukuta chumbani. Mwezi unaisha. Niandikie, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni mbaya.

Mama

Johannesburg, 8 Februari 2025

Mama yangu,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya. Nilikuwa nimeapa sitakuandikia mpaka niwe na jibu. Unaona hii barua? Nimeichapa mwenyewe, vidole viwili.

Nilimwendea Dada. Nikasema, "Naomba siku sita. Masweta nimeshamaliza kufumua." Akasema, "Ukiharibu tena?" Nikasema, "Kwanza nitanakili folda nzima niiweke pembeni, kilichopo kisiguswe." Akanitazama. "Nani amekufundisha hilo?" Nikamwambia, uoga.

Pale karakana kuna boksi la vipande vya sampuli, kila beji imedariziwa na namba yake nyuma. Nikafungua faili moja moja, nikaweka kipande karibu na kioo cha kompyuta, nikalinganisha mpaka rangi ya kucha za tai. Kisha nikaandika: 217 Tai Anayemtazama Mkwe. 231 Simba Aliyeshiba. Siku ya tano nilikuwa nimemaliza.

Wiki ya shule kufunguliwa akaja mwalimu, hana namba wala karatasi, anajua tu beji yao ina mwanamke na kitabu. Dada akaanza kufungua daftari. Mimi nikaandika "mjane" kwenye sehemu ya kutafutia, ikatokea. Thierry akasema, "Huyu Mama Sagesse ni mchawi." Siku hizi yeye ndiye anayedai, "Nipe Mkwe!"

Tarehe thelathini Dada alivuta kiti akasema, "Kaa."

Mama, kiti ni changu. Kreshi nimepata, mtaa wa pili kutoka karakana, wananingoja mpaka saa kumi na moja. Karatasi ya ruhusa ya mtoto kusafiri nimeisaini, iko kwa Mama Falonne. Mlete mwanangu.

Barua zako zote nimezipiga picha, ziko kwenye folda. Namba yake 001, jina lake Mama.

Mwanao,
Jeannine

Katuba, 2 Machi 2025

Mwanangu Jeannine,

Barua ya mashine nimeisoma. Nilitafuta mahali pa kutetemeka, sikupaona. Nimekubali.

Sagesse anapanda basi leo na Mama Falonne. Ugali anakula, samaki mtoe miiba yote. Akiamka huwa halii, anakaa tu anatazama, basi mpe mkono. Anaweza kukuita dada siku za kwanza. Usimkasirikie.

Nyumba imekuwa kubwa tangu asubuhi, na mimi nazunguka na soksi moja aliyoisahau. Hii sikutumii. Nimeibakiza.

Amevaa gauni la kijani. Geuza pindo, utaona nimeshona kwa uzi mwekundu: Sagesse, na mbele yake namba yako ya simu. Huko njiani watu hawamjui.

Akifika, usilifumue.

Mama yako