Kulizima Toleo la Zamani

Jumatatu, 16 Juni 2025

Tarehe imepangwa. Ijumaa saa nane mchana toleo la zamani la mfumo wetu wa kupimia linazimwa! Miaka tisa limepima kila mashine ya oksijeni iliyopita karakana zetu, Mbeya na Iringa. Limefanya kazi, sikatai – lakini masaa mawili kwa mashine moja? Toleo jipya, nililoliandika mimi, ni dakika ishirini na tano. Unachomeka, unabonyeza, linapima lenyewe. Imefaulu au imefeli. Basi.

Bosi Farhan anafurahi. Kasema hospitali zimechoka kusubiri. Sisi Mbeya tumeshahamia, wiki ya tatu hii. Kabaki Jofrey tu, fundi wa Iringa.

Jumanne, 17 Juni

Nimempigia Jofrey. Kwa nini hajahamia? Kajibu kwa upole wake uleule: hilo jipya lina haraka, dada Mwamvita. Nikauliza, ushahidi uko wapi? Eti ushahidi wake hautumwi kwa simu, nije nione.

Haya, nakuja! Tiketi ya kesho ninayo. Nitamwekea takwimu mezani: mashine mia tatu, hakuna iliyobadilika baada ya dakika ya ishirini. Sina wasiwasi hata chembe.

Jumatano, 18 Juni

Barabarani kutwa. Baridi ya Mafinga si mchezo – dirisha langu halifungi, na tunatambaa nyuma ya malori ya mbao. Jofrey kanipokea stendi kwa salamu ya Kihehe: "Kamwene, dada!" Kanipeleka kwake nikala. Mkewe, Frida, kauliza huyo mzee mnayemzima Ijumaa kawakosea nini. Tumecheka mpaka machozi. Kazi kesho.

Alhamisi, 19 Juni

Niandike kama ilivyokuwa.

Jofrey kaweka mezani mashine kuukuu, iliyoharibika na kutengenezwa mara mbili. Tukaipima kwa jipya. Dakika ishirini na tano, oksijeni asilimia tisini na moja. Imefaulu! Nikamtazama. Akaiacha ipoe, akaichomeka kwenye toleo la zamani. Tukanywa chai. Saa nzima – tisini na moja. Nikaanza kufunga laptopu yangu. Akasema, kaa dada, bado.

Dakika ya sabini, themanini na nane. Dakika ya themanini, asilimia themanini. Ya mia moja, sabini na moja. Chini ya themanini na mbili ni kufeli.

Nikamwambia kihisi chako cha oksijeni kibovu. Akafunga kingine, kipya. Tukarudia tangu mwanzo. Sabini na moja tena.

Mashine ikishapata moto, inachoka. Na zile mia tatu zangu? Nimezifungua upya. Karibu zote mpya, zimetoka kwenye boksi. Kuukuu zilizotengenezwa ni nne tu! Na aliyezichagua ni mimi mwenyewe.

Jofrey hakunicheka. Bora angenicheka. Kasema jipya ni zuri, liongezee muda tu. Kweli, najua pa kugusa, siku mbili zinatosha. Mfumo haunisumbui.

Linalonisumbua ni hizi wiki tatu. Nimeangalia orodha: kuukuu saba tumezipitisha Mbeya na kuzirudisha kwenye vituo vya afya.

Ijumaa, 20 Juni

Saa mbili asubuhi nimempigia bosi. Usizime. Akawaka: wageni wameshaalikwa, tangazo limetoka, Mwamvita unanifanyia nini? Nikamwambia kosa ni langu, si la Jofrey. Andika jina langu popote unapotaka, ila leo hakizimwi kitu. Akauliza: una hakika? Ninayo. Haya, kasema, naahirisha. Wapigie wenye mashine.

Nimewapigia. Vituo sita vimepokea haraka. Tatu ziko stoo, tatu wameziweka pembeni nikiwasikia.

Ya saba iko zahanati moja pande za Nyololo. Muuguzi ni Alinanuswe. Mashine inafanya kazi tangu alfajiri, kasema. Mtoto wa miezi minane, nimonia.

Na sasa ni saa nne.

Nikamwambia usiizime kwanza. Mtungi wa oksijeni mnao? Upo, chumba cha pili. Umejaa? Nusu. Unatosha, mhamishie mtoto sasa hivi. Mimi sikati simu.

Kaiweka simu mezani. Jofrey yuko nje, anafunga kwenye gari mashine nyingine, nzima, iliyofaulu kipimo cha masaa mawili. Tunaipeleka wenyewe.

Naandika huku simu iko sikioni. Nasikia mtungi unaburuzwa sakafuni. Spana. Alinanuswe anamwambia mama asogee kidogo. Spana tena. Mtoto analia! Kwa nguvu! Vizuri, alie.

Karudi. Nimemwuliza kipimo cha kidoleni kinasema ngapi. Themanini na tano; mtoto anatakiwa awe na tisini kwenda juu. Nikamwambia usiondoe, tusubiri.

Themanini na saba.

Jofrey anapiga honi. Natoka na simu sikioni, naandika nikitembea. Themanini na saba bado. Alinanuswe anasema subiri, dada. Subiri –