Hesabu ya Trekta na Tela

Korogwe,
9 Juni 1975

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na goti la bibi limepata nafuu. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea vizuri.

Nimepata barua yako. Umesema Jumamosi kijiji kitakaa kuchagua trekta la kuvuta tela la mahindi kutoka shamba la ujamaa hadi Mkata, na wengi wanalitaka lile dogo la silinda mbili kwa kuwa ni jipya na halinywi dizeli nyingi. Tena Mzee Rehani anawatangazia watu kuwa fundi wa Korogwe ameshalikubali, wanabisha nini tena?

Baba, wasilichague. Jana nilikwenda gereji kwa fundi Habakuki, mtu wa Dindira, nikamwonyesha hesabu yangu: magunia ishirini na uzito wa tela. Akaniuliza kina mama hurudije kutoka shambani. Nikamjibu kuwa hupanda juu ya magunia, na kuni zao. Alicheka mpaka akaweka spana chini, akasema mahindi nimeyapima vizuri sana, ila mama zangu nimewaacha njiani.

Kisha akanionyesha injini ndogo aliyoifungua. Imevuta tela misimu miwili tu, na pistoni zimekwisha kuchubuka. Alisema injini ndogo haikatai mzigo, ila huvuta kwa nguvu zake zote kutwa nzima, kwa hiyo hufa mapema. Lile kubwa la silinda nne, ingawa limetumika, litavuta mzigo huohuo bila kuhema, nalo litadumu.

Sasa nakiri kosa langu. Uliponiagiza nimuulize fundi, nami nikakuandikia kuwa amelikubali dogo, sikuwa nimemuuliza. Nilifika mlangoni, nikaona mle ndani ni wanaume tu, nikaona haya. Nikarudi bwenini nikapiga hesabu mwenyewe, nikaweka jina la fundi juu yake.

Naomba uisome barua hii yote mkutanini kabla watu hawajanyoosha mikono. Najua watanicheka. Afadhali wanicheke Jumamosi kuliko kusukuma trekta wakati wa mavuno. Nyuma ya karatasi hii fundi ameandika maneno yake na kutia sahihi, ili safari hii msiniamini mimi peke yangu.

Nisalimie mama, bibi na wadogo zangu. Naomba radhi yako, Baba, kisha dua yako.

Mimi binti yako,
Swaumu Kibwana