Riba na Chumba cha Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Imeshuka tena! Redio ya karakana imetangaza saa nne asubuhi, mimi nimeinamia mashine ya kusaga lenzi za miwani, maji yananirukia usoni. Riba imeshuka – mara ya tatu tangu mwaka jana. Bosi akaongeza sauti, akasikiliza, akapunguza. Akasema yeye hana mkopo wala akiba, kwa hiyo habari hiyo ni ya watu wengine. Tukacheka. Mimi nilichelewa kuacha.

Lenzi ambayo haijaisha ni kitu cha ajabu. Ukiiinua machoni, ukuta unayeyuka, kalenda inaogelea, bosi anaota mabega manne. Leo nimesimama hivyo dakika nzima. Nikaona nyumba yetu ikielea, nyepesi, kama imetolewa mzigo ndani.

Jioni mezani, Chiriku – binti yangu, ana miaka kumi na miwili na jina hilo hakupewa bure, mdomo wake haupumziki – akauliza: riba ikishuka, sisi tufurahi au tusikitike? Baba yake akamwambia inategemea. Kama unadaiwa, unafurahi. Kama umeweka akiba, unasikitika kidogo. "Sasa sisi ni wepi?" Chiriku akauliza.

Mimi na baba yake tukatazamana. Nikamwambia mtoto ale, chakula kinapoa.

Alhamisi, 6 Machi

Barua ya benki imefika. Nimeikuta mezani, imefunguliwa, imekunjwa tena kwa adabu, na alama ya kidole chenye grisi pembeni. Kidole cha Fundi. Mume wangu anatengeneza lifti za maghorofa, na mtaa mzima unamwita hivyo – Fundi. Hata mimi, humu ndani.

Riba ya mkopo wa nyumba inatoka asilimia kumi na saba mpaka kumi na mbili. Twende wote wawili tukasaini, mwisho tarehe ishirini na nne.

Acha niandike, maana hapa hakuna anayesoma. Miaka miwili iliyopita mimi na Fundi tulikubaliana kuachana. Hakukuwa na mtu wa tatu. Hakukuwa na kofi wala tusi. Tuliongea jikoni, kwa sauti ya watu wanaopanga kununua friji. Kisha tukapiga hesabu, hesabu ikagoma. Mshahara wa mmoja haubebi nyumba. Kuuza – nani angenunua wakati ule, na riba imepanda mpaka darini? "Basi tusubiri ishuke," akasema. Nikasema sawa. Akahamia chumba kidogo cha nyuma. Chiriku tulimwambia baba anakoroma. Wageni tunawaambia kile ni chumba cha pasi.

Kabla ya hapo, riba ilipokuwa inapanda, tuligombania kila kitu. Maziwa. Balbu ya choo. Nani ameacha pasi kwenye umeme. Mpaka leo sijui ugomvi upi ulikuwa wetu na upi ulikuwa wa benki.

Sasa imeshuka. Tulichokuwa tunakisubiri kimekuja na stempu.

Ijumaa, 7 Machi

Kutwa nzima nimepaka nyumba rangi kichwani. Sebule kijani cha maji. Jikoni njano. Nikavunja ukuta wa korido, nikaweka dirisha. Nikamaliza, nikakaa, nikatazama – na kila nilipogeuka, Fundi yuko juu ya ngazi ameshika brashi. Nikamfuta. Karudi.

Nimeharibu jozi mbili za lenzi. Bosi kauliza kama naumwa.

Jumanne, 11 Machi

Benki. Tumekaa kwenye viti vya plastiki vilivyounganishwa: akitikisa mguu, natikisika.

Afisa mikopo ni dada mdogo, mchangamfu, miwani imemkaa upande. Mkono ulikuwa unaniwasha kuinyoosha. Akatueleza kwamba tuna njia mbili. Ya kwanza: rejesho la kila mwezi linashuka, kutoka laki sita na ishirini mpaka laki tano kasoro kidogo, miaka inabaki ile ile kumi na mitatu. "Hapo mnapumua kila mwezi." Ya pili: tunaendelea kulipa kile kile tulichozoea, na mkopo unaisha karibu miaka mitano mapema. "Hapo mnafunga mikanda sasa, mnastarehe baadaye." Akatabasamu. "Wanandoa wengi wenye mishahara miwili wanachagua ya pili."

Wanandoa wenye mishahara miwili! Fundi akakohoa.

Nikauliza, kama kwa mzaha tu, mtu mmoja akitaka kuubeba mkopo peke yake, benki inasemaje? Akasema rejesho lisizidi theluthi ya mshahara wake. Theluthi ya mshahara wangu ni laki tano kamili. Niliipata kabla hajamaliza sentensi. Fundi pia aliipata – nilimwona macho yameenda juu, kule anakotazama akihesabu ghorofa.

Yaani inawezekana. Kwa njia ya kwanza nabaki na nyumba, yeye anaondoka, hakuna anayezama.

Fomu ina visanduku viwili. Tukaomba kwenda nayo nyumbani. Nje jua lilikuwa jeupe kabisa. Tukatembea mpaka kwenye gari, na mimi nikashangaa mbona sirukiruki.

Jumatano, 12 Machi

Fundi ameona chumba cha kupanga. Ghorofa ya tisa, kwenye jengo ambalo lifti yake anaihudumia mwenyewe. "Haitanikwamisha," kasema. Dirisha linaona mji wote. Akiba yake ya kuanzia maisha haikukua kama alivyotegemea, maana nayo riba yake imeshuka, lakini itatosha kitanda na jiko.

Nimemwambia hongera. Neno limenitoka kama la kadi.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe amekuja kula mchana. Aliwahi kuwa opereta wa simu, zamani za kuunganisha waya kwa mkono, na hadi leo anaongea kama mtu wa upande wa pili hasikii vizuri: polepole, kila neno limeoshwa.

Amekula kidogo. Akaweka kijiko. "Wanangu, sikuja kuomba. Nimekuja kuwaarifu."

Kiinua mgongo chake chote kiko benki, amana ya muda maalumu, na riba yake ndiyo mshahara wake. Mwezi uliopita amana iliiva, akaiweka upya. Riba mpya imepungua karibu theluthi.

"Na kodi ya nyumba je, Mama?" nikauliza.

"Kodi haisikilizi redio, mwanangu."

Alianza kuacha gazeti. Kisha nyama siku za katikati ya wiki. "Nilipofika kwenye dawa za presha, nikasema hapana, hapo sikati." Akasema bila kulia wala kulegea. "Benki ile ile," akasema, "imewapunguzia nyinyi mzigo, na mimi imenipunguzia chakula." Hana kinyongo. Furaha yetu ni yake.

Kisha: "Nimefikiri. Kile chumba cha pasi kinanitosha. Nguo mnaweza kupigia pasi popote."

Maji yalimpalia Fundi. Chiriku akafungua mdomo – nikamkanyaga mguu chini ya meza. Mama mkwe akaendelea: kile kidogo anachopata atakileta kwenye bajeti ya nyumba, hataki kuwa mgeni, na anajua kushona vifungo.

Fundi akasema, "Karibu, Mama." Nami nikasema karibu. Ungesema nini? Tulisema pamoja, kwa sauti moja, kitu ambacho hatujafanya tangu sijui lini.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi kaja karakana! Miaka tisa nafanya kazi hapa na hajawahi kukanyaga. Amekaa foleni na wateja, kofia mapajani. Nyumbani hapaongeleki, kasema, Chiriku ana masikio ukutani.

Nikamwita ndani. Akasema tumwambie Mama ukweli. Nikasema sawa, nani? Akasema yeye. Halafu akasema, tukishamwambia, atakaa wapi? Kule ghorofa ya tisa ni chumba kimoja. Nikamwambia akae kwangu. Mama hana ubaya na mimi.

"Utakaa na mama yangu bila mimi?"

"Kwani wewe ndiye unayempikia?"

Akacheka. Kicheko chake kile cha puani, nilishakisahau. Kisha akaokota karatasi ya oda mezani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena. Kumbe haoni vizuri! Tangu mwaka jana, akakiri. Anatumia miwani ya kuokoteza barabarani, na ya kupimwa hakutaka kuiingiza kwenye bajeti.

Macho yanapimwa na daktari, si mimi. Kazi yangu ni kupima umbali wa mboni na mboni ili lenzi zikae sawa. Nikamwambia hiyo naweza kuipima sasa hivi, tuwe nayo. Nikachukua rula ndogo, nikaiweka juu ya pua yake. Ukipima hivyo lazima usogee, na mtu akutazame, asipepese. Hakupepesa. Wateja wakaongea nje, mashine ikanguruma, maji yakatiririka, na mimi nikasahau kusoma namba. Nikarudia. Milimita sitini na nne.

Nimepima mboni za mji mzima. Zake nilikuwa sijui.

Alhamisi, 20 Machi

Alikwenda kumwambia Mama jana. Amemkuta anafunga vikombe kwa magazeti ya kuomba kwa jirani, na mwenye nyumba ameshapewa taarifa. Badala ya kusema, amefunga vikombe mpaka giza likaingia.

"Vikombe vingapi?" nikamuuliza.

"Vyote."

Nilitaka kukasirika. Nikatafuta hasira pale inapokaaga, sikuikuta.

Na Chiriku leo, anapaka siagi mkate, bila hata kunitazama: "Mimi najua. Chumba cha pasi hakina pasi. Pasi iko jikoni." Tangu lini unajua? "Tangu siku ya kwanza. Na baba hakoromi. Wewe ndiye unayekoroma." Nikakaa kitini. Nikamuuliza anajisikiaje. Akafikiri, jambo la nadra kwake. Akasema yeye alikuwa anasubiri tumalize kusubiri.

Jumamosi, 22 Machi

Pikapu imeleta vitu vya Mama mkwe. Kitanda, kabati, mashine ya kushonea, meza moja yenye miguu kama ya mnyama mdogo. Mwenyewe anakuja kesho kutwa asubuhi, anataka kuaga majirani mmoja mmoja.

Fundi ametoa vitu vyake chumba cha nyuma. Miaka miwili, na vimeingia kwenye maboksi mawili! Yamekaa korido. Hakuyapeleka garini, hakuyapeleka chumbani. Tunayaruka tukipita.

Mwenye chumba cha ghorofa ya tisa amepiga simu. Anataka jibu kabla ya Jumatatu. Fundi alitoka uani kuongea. Niliosha sahani moja muda mrefu sana.

Jumapili, 23 Machi

Saa kumi alasiri. Mvua nyepesi, ya kutolowesha mtu. Chiriku yuko chumba cha nyuma anatandikia bibi yake kitanda, anaimba, anakosea maneno, anaanza upya.

Fomu iko mbele yangu. Kesho ndiyo mwisho. Fundi ameshasaini – sijui saa ngapi, nimeikuta hivyo. Jina lake chini, limenyooka, mwandiko wa mtu anayejaza ripoti za usalama. Visanduku viwili juu, vyote vitupu. Hakuweka alama popote. Ameniachia.

Nimepiga hesabu tena, pembeni ya gazeti. Rejesho likishuka: chenji ya dawa za Mama, miwani ya Fundi, kodi ya ghorofa ya tisa, au rangi ya sebule. Likibaki lile lile: miaka minane na kidogo, mishahara miwili, mikanda imefungwa, watu wanne. Hesabu zote mbili zinakubali. Hilo ndilo linalonitisha. Zamani hesabu ilikuwa inatukatalia, na sisi tukajificha nyuma yake, tukiwa na uhakika kwamba tunataka kitu kingine.

Nilimuuliza asubuhi jibu alilompa mwenye chumba. Kasema bado hajampa. Nikamuuliza anataka nini. Akazungusha kikombe, akasema hajui kama anataka au amezoea. Nikamwambia hata mimi. Ilikuwa kama kuvua viatu vinavyobana.

Korido kuna sauti ya boksi linaloburutwa. Linasimama. Linaburutwa tena – siwezi kusikia linaelekea wapi, mvua imeongezeka kwenye bati la uani.

Sasa Fundi yuko mlangoni. Mto kwapani, shuka begani, nywele zina vumbi la chumba cha nyuma. Anatazama kitanda changu kupitia mlango wa chumbani, kisha ananitazama mimi. Anauliza, kwa sauti ndogo ili Chiriku asisikie:

"Mama Chiriku. Siku hizi unalala upande gani?"

Katikati. Miaka miwili nalala katikati, kama mtu aliyeangushwa pale. Hilo sijalisema. Nimemwambia ngoja, namalizia kuandika, na yeye anadhani ni fomu. Amebaki amesimama na mto wake, hasogei, hauweki chini, na mimi nimeishika kalamu na sijui nianze kujibu lipi, swali lake au la fomu.