Mama Mkwe Amepotea Kwenye Tepu

Mpendwa mshauri, naomba msaada upesi kabla Jumapili haijanifikia, maana mimi ni karani wa kiwanda cha mbao hapa Elburgon, nina mke mmoja, Jepchumba, na nyumba yenye stima, na taabu yangu yote imetoka kwa mashine ndogo ya kuchanganya sauti niliyoundiwa na fundi Mohinder wa Nakuru, ina maikrofoni nne na kila moja ina kifundo chake cha kupandisha na kushusha sauti, na ina sindano ya kupimia ambayo ikigonga nyekundu ujue sauti imezidi na tepu itakwaruza.

Sasa kwaya ya kanisa letu ilikuja sebuleni kwangu kurekodi tepu ya kupeleka redioni, na mwimbishaji ni Chepkemei, mama mzazi wa Jepchumba, na huyo mama ana sauti ya kuita ng'ombe walioko msitu wa Mau, tena huimba akitaka kuimeza maikrofoni, basi sindano ikalala kwenye nyekundu ikakataa kuamka, na dawa niliijua, arudi nyuma hatua mbili, lakini kwetu mtu hamwamuru mama mkwe, hata akikukanyaga unangoja aondoe mguu mwenyewe, kwa hivyo nikashusha kifundo chake kidogo, ubeti wa pili nikashusha tena, mpaka kikafika karibu na mwisho.

Sindano ikatulia, lakini mama akataka kusikiliza, na hapo ndipo nilipotenda dhambi, kwa sababu kuna swichi ya kusikiliza maikrofoni moja peke yake kabla sauti haijapita kwenye kifundo, fundi aliiweka ya kujua kama maikrofoni ni nzima, basi nikamvisha spika za masikio nikawasha swichi ya maikrofoni yake, akaimba ubeti mzima akijisikia yeye peke yake, amefunga macho kwa furaha, kisha akanishika bega akasema, "Hapo umeweza, mwanangu. Usiguse kitu tena." Sikugusa.

Walipoondoka nikaisikiliza tepu kwa spika ya kawaida, kina mama wapo, gitaa lipo, sauti nzito ya bezi imetoka vizuri sana, lakini mwimbishaji hayupo, unamsikia kwa mbali kama mtu anayeongea kwa jirani, na Jepchumba akatoka jikoni na mwiko mkononi akaniuliza, "Mama ameenda wapi?" nikamwambia ni mashine ya Mohinder, na sasa pasta anataka ichezwe kanisani Jumapili kwa vipaza sauti kabla haijatumwa, mama amealika ndugu zake wote kutoka Molo waje wamsikie, na Jepchumba amesema mama yake akiaibishwa mbele ya watu wa Molo ataondoka naye siku hiyo hiyo, na mke wangu hana mzaha. Je, niichome tepu niseme ni stima, ama nijifanye mgonjwa?

Kemboi, Elburgon

Kemboi,

Pole. Nimekucheka kwanza, sasa nikusaidie.

Tepu usiichome. Ukiichoma watarudi kurekodi, mama ataimeza maikrofoni tena, na wewe utakuwa pale pale na kifundo chako. Ugonjwa pia acha, maana mama mkwe atakuja kukuuguza.

Unaniambia habari ya heshima. Heshima gani hiyo ya kuogopa kumwambia mtu asogee, na huogopi kumfuta kabisa? Umeizika sauti ya mama wa watu, kisha ukamvisha spika ashangilie mazishi yake. Hilo limenikasirisha, nakwambia wazi.

Kwenu mkwe haamuriwi na mume wa binti yake, sawa, lakini binti yupo. Jepchumba amekuwa akibishana na mama yake tangu ajue kusema. Leo kabla ya chakula mweleze ukweli wote, pamoja na ile swichi. Atakutukana, na wewe utatulia. Kisha aende kwa mama yake aseme tepu imeharibika na aliyeiharibu ni Kemboi. Fundi Mohinder hana kesi hapa.

Jumamosi mrudie kurekodi. Jepchumba achore mstari wa chaki sakafuni, mama asimame nyuma yake. Usipime sauti yake akihesabu moja, mbili, tatu, kwa kuwa hakuna kwaya inayohesabu. Mkeo amwombe aimbe pale kiitikio kinapopanda, ndipo uweke kifundo, sindano ichungulie nyekundu na kurudi. Yeye kwanza. Wengine uwapandishe polepole wakae chini yake, na sindano ikizidi, ni wao wanaoshuka. Spika za masikio zitundike msumarini. Cheza tepu kwa spika ya kawaida, ukasimame na mkeo mlango wa jikoni. Neno la mama lisiposikika hapo, kanisani msilitafute.

Bado neno moja. Umeandika kwamba bezi imetoka vizuri sana. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jina la huyo mwimba bezi, sikuliona. Mimi nimeimba kwaya Njoro miaka kumi na mmoja, na sijawahi kuona mwenye mashine akajisahau. Ni wewe, Kemboi, na hukukaribia kugusa kifundo chako hata sindano ilipolala kwenye nyekundu.

Kwa hivyo Jumamosi ukianza kuimba, kifundo cha bezi akishike mama mkwe.

Mama Ephantus, Nakuru