Jua la Baba Kwenye Mabango ya Verlyn

Jumamosi, 9 Machi 2019
Verlyn kaja karakanani asubuhi, hata kahawa hakumaliza. Mdogo wangu anagombea umeya! Anataka nimchapie mabango ya kusimika uani kwa watu. Nikamwonyesha nembo tatu nilizochora. Kazikataa zote. Akatoa karatasi mfukoni — jua la njano linachomoza, chini TOLLEFSON, herufi zimeinama kidogo. Nembo ya Baba ya mwaka 1971! Baba aliyegombea umeya huohuo, akashindwa kwa kura tisa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba akipaka, mimi nashika kopo. Harufu ile ya rangi! Nimelia peke yangu kwenye sinki.

Ijumaa, 22 Machi
Mabango mia mbili tayari. Njano ileile — nimechanganya wino mara nne.

Jioni, kwenye mlo wa Ijumaa wa samaki wa kukaanga, mzee Osgood kanishika mkono: mwambie baba yako safari hii kura yangu anayo, mwaka ule nilimnyima. Watu wakaangua kicheko. Baba ana miaka ishirini kaburini! Verlyn hakucheka. Macho yalimlowa kwa furaha.

Kisha Renata Kubiak, yule muuguzi anayeshindana naye, akamuuliza kwa upole: daraja letu bovu utalifanyaje?

"Baba angejua la kufanya."

Basi! Verlyn akarudi kwenye samaki wake. Ndipo nikagundua kwamba kwenye bango jina lake la kwanza halimo.

Jumapili, 31 Machi
Nimemwambia. "Wewe hutaki umeya, Verlyn. Unazitaka zile kura tisa."

Naye akanirudishia: "Na wewe dada, wino ulichanganya mara nne wa nini?"

Kaniweza.

Bango la Renata lina daraja alilochora binti yake. Baya hilo! Lakini daraja ndilo tunalolihitaji. La Verlyn bado limesimama uani kwangu. Mkono hauendi kuling'oa.

Jumanne, 2 Aprili
Naandika garini, ng'ambo ya kituo cha zimamoto tunakopigia kura. Theluji imekuwa tope. Verlyn kasimama mbali na mlango, kama sheria inavyotaka. Kavaa koti la Baba — mikono inampita!

Mlangoni wamebandika mfano wa karatasi ya kura. Nimeenda kuusoma, nikarudi garini. Majina matupu, wino mweusi. Hakuna jua. VERLYN TOLLEFSON. Masikini, jina lake lote. Nampenda mno mdogo wangu. Na daraja je?

Kaja kugonga kioo. Umeshapiga, dada?

Bado, nimemwambia.

Hajaondoka. Kashika mlango wa gari, anangoja nishuke.